Chuma Kilichotoka Nyongani mwa Mama

Mimi najua chuma. Naanzia hapo kwa sababu mtu asiyelijua hilo hawezi kuelewa jinsi kesi ya mama yangu ilivyokufa, na hapa Voi kuna watu wanaoisimulia vibaya. Shule niliacha darasa la tano. Walionicheka wakati ule leo wananiletea mabati ya nyumba zao yaliyooza na kuniomba niwaongezee kidogo. Nilianza na gunia begani, nikiokota nati na vipande vya nyaya kando ya reli, na leo nina yadi yenye ukuta na geti huko nyuma ya Kaloleni, na malori yaliyoandikwa jina langu ubavuni. Gari likipinduka kwenye barabara ya Mombasa, kabla vioo havijafagiliwa simu yangu imeshalia.

Nipe chuma chochote. Nikikigonga kwa spana, mlio utanionyesha upande wa kuanzia. Sumaku itaniambia kama ni cha familia ya chuma au la. Nikikiweka kwenye grainda, ile mashine ya kusagia, cheche zitamaliza maneno. Chuma cha kawaida kinatoa cheche ndefu zinazopasuka ncha. Stenlesi inatoa fupi, kavu, haina furaha. Hakuna aliyenifundisha. Niliungua vidole na macho yakaniuma miaka mingi mpaka nikajua, na hilo hakuna shule inayokupa.

Mama aliishi juu milimani, mbele ya Wundanyi, kwenye nyumba ya mawe niliyomjengea. Nilitaka ashuke Voi akae kwangu, akakataa. Alisema joto la Voi ni la kukaushia nyama, si la kukaa watu. Huko juu alikuwa na maharage yake, sukuma wiki na ndizi, kwenye matuta yanayoshuka kama ngazi mpaka kwenye kijito, na dada yangu aliishi naye. Nyonga ya kulia ilipoanza kumsumbua alikuwa akishuka matuta kinyumenyume, akishika migomba. Nikasema hapana. Mama yangu hatatembea kinyumenyume na mimi niko hai.

Nilimpeleka Mombasa, kwa daktari wa mifupa wa hospitali ya binafsi. Nilipoambiwa nyonga za bandia ziko za aina nyingi, nilisema amwekee ile mpya kabisa, ya kutoka ng'ambo, ile ambayo gololi ni ya chuma na kikombe chake ni cha chuma. Chuma kwa chuma. Nilipenda hata jinsi maneno hayo yalivyokaa mdomoni. Na baada ya operesheni nilisimama kanisani siku ya shukrani, mimi ambaye si mtu wa kwenda sana, nikasema mama yangu sasa ana chuma ambacho hakuna mwingine anacho milima hii yote. Watu wakapiga makofi. Mama akatembea mbele ya madhabahu bila fimbo, na wanawake wakapiga vigelegele.

Kuna jambo moja alilouliza kabla ya kulazwa, na nalikumbuka kwa sababu lilikuja kuwa muhimu. Alimuuliza daktari, "Huo mfupa mtakaoutoa, mtanirudishia?"

Daktari akacheka kwa upole. "Hapana, mama. Huo tunauchoma."

Kwa wazee wake mtu hazikwi nusu. Zamani huku kwetu vichwa vya waliokufa vilifukuliwa baada ya muda na kupangwa kwenye mapango, na mtu alijua babu yake yuko kwenye jiwe gani. Mama alikuwa mtu wa kanisa na hakutaka kusikia habari za mapango, lakini kipande cha mwili kubaki mikononi mwa wageni, hilo halikumtoka. Mpaka mwisho alikuwa akisema ana deni na mfupa wake ulioko Mombasa.

Mwanzo ulikuwa mzuri, nisiseme uongo. Alishuka matuta akitazama mbele. Alikwenda sokoni. Halafu nyonga ikaanza kulia. Akiinuka kwenye kiti ilitoa mlio mdogo, kama bawaba ya mlango wa stoo. Tulicheka. Dada alisema akapakwe grisi yadini kwangu. Halafu paja likavimba, halafu maumivu yakarudi, mabaya kuliko ya kwanza. Na wakati huohuo masikio yake yakaanza kufifia. Redio ilikuwa juu mpaka majirani wa tuta la chini walijua habari za saa saba bila kuwasha yao. Tulidhani ni uzee.

Tukarudi kwa daktari yuleyule. Chumbani tulikuwa mimi, dada, mama, muuguzi mmoja, na wanafunzi wa udaktari wamesimama ukutani. Daktari aliangalia picha, akauliza, "Mama, umekuwa ukipanda mlima?"

"Naishi mlimani, daktari."

"Na mizigo? Kuni?"

"Kuni nimebeba. Si nyingi."

"Basi hapo ndipo shida ilipo. Hiki chuma umekiharibu mwenyewe, mama. Tulikuambia upumzike."

Wale wanafunzi wakaandika. Mama akaangalia viganja vyake kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi.

Kutoka Mombasa mpaka Voi nilimgombeza, na mtu yeyote angemgombeza. Nilimwambia nimemtafutia kitu cha ng'ambo na yeye amekipandisha mlima na mzigo wa kuni kama punda wa Marungu. Yeye alikuwa kiti cha nyuma, mguu umenyooshwa kwenye mapaja ya dada. Tulipofika Maungu akasema, "Kama ni mimi nimekiharibu, nisamehe, baba." Mama aliniita baba kwa sababu nina jina la baba yake.

Kutoka siku hiyo alikuwa akiomba msamaha. Wanawake wa kanisa walipokuja kumwombea walimkuta ameshatangulia kusema, "Ni ukaidi wangu." Nao wakakubali, kwa upole, kama watu wanavyokubali. Mmoja aliomba kwa sauti kwamba Mungu amsamehe dada yetu huyu ambaye hakusikia ushauri. Dada alinisimulia, na aliponisimulia alikuwa akitazama pembeni, kwa sababu alijua neno kama hilo lilitoka kwangu kwanza. Mama, ambaye alilea watoto kwa kazi ya kupasua mawe na kulima vibarua, alianza kujiita mharibifu.

Hali ilipozidi nikamtafutia hospitali nyingine na daktari mwingine, mtu mfupi asiyependa mazungumzo. Mara hii, kabla hawajamfungia mlango wa chumba cha operesheni, nilimwambia daktari wazi, "Chochote kitakachotoka ndani ya mama yangu, kipande hata kidogo, kinarudi nyumbani. Usiniambie habari ya kuchoma."

Akanitazama. "Ni desturi?"

"Ni desturi."

"Basi nitakuwekea."

Alipotoka alinipeleka kando, karibu na dirisha, akanipa mkebe wa plastiki wenye kifuniko. Alisema nyama ya ndani ilikuwa imegeuka nyeusi, na palikuwa na maji kama oili chafu ya injini. Chuma kilikuwa kimejisaga chenyewe, gololi na kikombe, na vumbi lake limeingia kwenye damu. Labda hata masikio ni hilo, akasema, na moyo pia uangaliwe.

"Ni kuni?" nikamuuliza.

"Kuni hazifanyi hivi."

Alisema ameshaona wengine wenye aina hiyohiyo, na kwamba ng'ambo watu wanashtaki. Mara nyingi vyuma kama hivi hutupwa, au mtu wa kampuni huja kuvichukua, na mgonjwa akibaki bila kitu hana la kumwonyesha wakili. "Wewe unacho kwa sababu uliomba," akasema. "Kitunze hivyohivyo kilivyo."

Mama alipoamka vizuri nilimsogelea sikioni nikamwambia daktari amesema si kuni.

"Amesema mbele ya nani?"

"Mbele yangu."

Akafumba macho. "Yule wa kwanza alisema mbele ya watu."

Hilo ndilo alilolitaka mama yangu, na naliandika wazi ili msomaji asidhani ni kitu kingine. Hakutaka fidia. Nyumba alikuwa nayo, chakula alikuwa nacho, na mwana alikuwa naye kama mimi. Alitaka mtu mwenye cheo, mbele ya watu, aseme si yeye.

Nikatafuta wakili. Nilipata mmoja Mombasa, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, anayefanya kazi pamoja na mawakili wa ng'ambo waliokuwa wanakusanya walalamikaji wa nyonga za aina ile. Aliniita mzee tangu siku ya kwanza, na mimi sijafika huko, lakini nikamwachia. Alipanda mwenyewe mpaka kwa mama kuchukua maelezo yake. Viatu vyake vilimshinda kwenye matope, akavivua na kuvibeba mkononi, na kwa hilo mama akampenda.

Ilibidi dada arudie kila swali karibu na sikio. Mama alieleza yote, mpaka kuni. Sikutaka aseme kuni, nikamkonyeza, akaendelea. Mwisho akauliza yeye.

"Tukishinda, watasema?"

"Watakulipa fidia, mama."

"Sijauliza fidia. Nauliza kama watasema si mimi niliyekiharibu."

Wakili angeweza kumdanganya, ingekuwa rahisi. Akasema, "Mara nyingi kampuni hulipa na kukataa kosa. Lakini kesi ikisikizwa mpaka mwisho, jaji ataamua, na atasoma uamuzi wake hadharani."

"Kutakuwa na watu?"

"Kutakuwa na watu."

"Basi tumngoje huyo jaji," mama akasema, na jioni hiyo akala ugali wote uliowekwa mbele yake.

Wakati wa kushuka wakili aliniuliza mkebe uko wapi. Nikamwambia uko yadini, ndani ya sefu. Akasema atakuja kuuchukua na mtu wa kushuhudia, na kwamba wakati huo usifunguliwe.

"Mimi nimekaa na vyuma wewe hujazaliwa," nikamwambia.

"Najua, mzee. Usifunguliwe tu."

Sasa nieleze desturi yetu sisi wa skrapu, watu wa vyuma chakavu, kwa sababu hapa ndipo watu wanaponihukumu bila kujua. Kwenye kazi hii, mtu akikuuzia mzigo mbovu, huendi kumlalamikia kwa mdomo. Ukienda kwa mdomo utachekwa. Unaita watu, unauweka mzigo wazi, unaukata au unautia kwenye grainda mbele ya macho yao, ili kila mmoja aone kilicho ndani. Hapo ndipo una kesi. Aliyepimiwa mbele ya mashahidi hana la kujibu, anarudisha chake anaondoka. Hivyo ndivyo nilivyomaliza ugomvi wangu wote, na sijawahi kushindwa hata mmoja.

Kuna mfanyabiashara mwenzangu wa Taveta, mtu wa sufuria na aluminiamu za mpakani, mwenye mdomo. Alikuja na mzigo wake mchana mmoja, watu wangu wamekaa kwenye kivuli cha lori wakinywa chai, akaanza.

"Tajiri, nasikia ile ng'ambo ya mama imekufa."

"Imetolewa."

"Ng'ambo gani inakufa upesi hivyo? Hiyo ni ng'ambo ya Holili, ng'ambo ya mpaka tu. Inavuka asubuhi kwa bodaboda."

Watu wakacheka. Mmoja wa wapakiaji wangu akasema labda ni stenlesi ya vijiko. Mwingine akasema hapana, bosi hawezi kupigwa na vijiko, ile ni beringi ya trekta. Wakaanza kubishana, wengine wakiwa upande wa vijiko na wengine wa beringi.

Nilienda kwenye sefu. Kusema kweli nilishakuwa na hamu hiyo siku nyingi. Chuma kilikuwa ndani ya yadi yangu, kimemuumiza mama yangu, na mimi, wa kuulizwa vyuma na wilaya nzima, sikujua ni nini. Nilifungua mkebe mbele yao wote. Kilikuwa na utando mweusi, kama masizi yaliyoloana. Nikakiosha kwa petroli na brashi ya waya, kama tunavyoosha kila kitu.

Kilikuwa kizuri, hilo nalisema kwa masikitiko. Shina refu la kijivu lililokuwa ndani ya mfupa, na juu yake gololi kubwa iliyong'aa mpaka niliona kofia yangu ndani yake. Upande mmoja wa gololi palikuwa na doa lililofifia, kama kioo kilichopumuliwa. Sumaku ilikikataa. Nikakigonga, kikalia vizuri. Nikawasha grainda.

Shina lilimwaga cheche nyeupe, nyeupe kabisa, watu wakafunika macho. Gololi, nilipoigusa pembeni ya lile doa, ilitoa cheche fupi nyekundu zilizokufa palepale. Nikazima.

"Si stenlesi," nikasema. "Si beringi. Ni vyuma viwili tofauti vimefungwa pamoja, na hapa kwenye doa chuma kimekuwa kikijila."

Yule wa Taveta aliishika ile gololi kwa muda, akaigeuza. "Basi ulipunjwa na mtu mkubwa kuliko mimi," akasema, na hakuwa akitania tena. Nikakirudisha kwenye mkebe nikiwa na mashahidi wa kutosha. Niliona kesi nimeshaimaliza, wakili atakuja kuisoma tu.

Alikuja na mwanaume mwenye kamera. Akavaa glavu kwenye meza ya ofisi yangu, akafungua mkebe. Yule mwanaume alinyanyua kamera akaishusha.

"Mzee, hii ni nini?"

"Nimekupimia," nikamwambia. Nikamweleza yote, cheche nyeupe na cheche nyekundu, na watu walioona, na kwamba niko tayari kuwaleta wote.

Akavuta kiti akakaa. "Ulikiosha?"

"Kilikuwa kichafu."

"Ule uchafu ndio uliokuwa shahidi wetu," akasema. "Na hapa?" Akaonyesha mkwaruzo wa grainda kando ya doa.

"Hapo ndipo nilipogusa. Kidogo tu. Doa lenyewe sikuligusa."

Alinieleza polepole, bila kunidharau, na hilo lilikuwa gumu zaidi kuvumilia. Wataalamu wanapima kulika kwa chuma kwa vipimo vidogo kuliko unywele. Kampuni ina mawakili wake na wataalamu wake, na swali lao la kwanza litakuwa nani alikishika na alikifanya nini. Hawatasema doa halipo. Watasema hakuna anayeweza kuapa ni kiasi gani kililiwa mwilini na ni kiasi gani kilitoka kwenye yadi ya skrapu.

"Waambie waje," nikasema. "Niwashe grainda mbele ya jaji, wajionee."

"Hawataki cheche, mzee."

Alikichukua hata hivyo. Alijaribu, namwamini. Picha za hospitali zilikuwepo, na vipimo vya damu vilivyochelewa kuchukuliwa. Yule daktari mfupi aliulizwa. Akasema ameona nyama nyeusi, lakini yeye si mtaalamu wa vyuma na hawezi kusema kosa ni la nani. Siku moja wakili akanipigia kwamba wale wa ng'ambo wamemwondoa mama kwenye orodha ya walalamikaji. Kesi ya wengine inaendelea. Wanachagua wale wenye ushahidi safi.

Nilimpigia dada simu, nikamwambia amweleze mama taratibu.

"Njoo umwambie mwenyewe, tajiri," akasema, akakata.

Nilipanda. Kona za kutoka Mwatate nimezipita maisha yangu yote na siku hiyo nilizipita polepole kama mgeni. Mama alikuwa nje, kwenye kiti, fremu yake ya kutembelea mbele yake, akichambua maharage. Nyonga ya pili, aliyowekewa na yule daktari mfupi badala ya ile iliyotolewa, ilimshika mwili lakini haikumrudishia mlima. Masikio nayo yalikuwa yamekwenda kabisa upande mmoja, na upande wa pili ulibaki mwembamba. Kumwambia kitu ilibidi upaze sauti, na kule kwetu sauti inashuka matuta yote. Wanawake walikuwa wakilima tuta la chini.

"Mama, kesi yetu imetolewa," nikasema kwa nguvu.

"Jaji amesoma?"

"Hapana. Hatasoma. Yetu haitasikizwa."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Chini yangu niliona majembe yamesimama. Nilipofika kwenye grainda mama aliacha maharage.

"Ulikuwa unatafuta nini, baba?"

"Nilitaka kujua ni chuma gani."

"Na ulijua?"

"Nilijua. Kilikuwa kinajila chenyewe. Si kuni, mama."

"Sema tena. Kwa sauti."

Nikasimama. Nina sauti, hata wasionipenda wanakubali. Ni sauti ya kumwita mtu upande wa pili wa yadi grainda mbili zikiwaka. Nikasema si mama, si kuni, si mlima, chuma kilikuwa kibovu tangu kilipotoka kwao. Nikasema mara ya pili nikiwa nimeelekea tuta la chini. Wale wanawake walinitazama, halafu mmoja wao akatikisa kichwa kwa ile huruma ya kumwona mtu akianza tena mambo yake. Kwa miaka mingi walikuwa wamenisikia nikisema yadi yangu ni kubwa kuliko zote, na lori langu, na mama yangu mwenye chuma cha ng'ambo. Hili nalo lilikuwa mojawapo.

Mama alisikiliza mpaka nikamaliza. "Ahsante, baba," akasema. "Ningependa waseme wao." Akarudia maharage.

Alikufa wakati wa baridi, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye mlango wa jikoni. Moyo, walisema. Kama ni lile vumbi la chuma au ni miaka, hakuna aliyetaka kuliandika, na mimi sikuuliza sana.

Kwenye mazishi wakili alikuja na mkebe ndani ya begi lake. Nilikuwa nimemwomba aulete, na kwa kuwa sasa haukuwa ushahidi wa mtu yeyote, aliruhusiwa. Mwalimu mmoja wa kanisa alisoma historia ya marehemu, nzuri, iliyoandaliwa na wanawake wenzake kwa mapenzi. Alifika mahali pa kusema mama alipenda kazi mno, hakujua kupumzika, hata alipotengenezewa nyonga aliishinda kwa kazi. Watu wakaitikia kwa kuguna, wengine wakatabasamu machozini. Ilisomwa kama sifa.

Nikamwinamia wakili. "Simama useme. Wewe ni mtu wa sheria. Wewe watakuamini."

"Siwezi kusema kampuni ina kosa, mzee. Kesi ya wengine inaendelea."

"Sema basi unaloweza."

Alisimama. Alisema alimfahamu marehemu kwa muda mfupi, kwamba marehemu alimwambia ukweli wote bila kujificha, na kwamba hakuna mahakama yoyote iliyowahi kumkuta na kosa. Alichagua kila neno kama mtu anayetembea juu ya vioo. Kisha nikasimama mimi. Nilisema yote, kila kitu kwa jina lake, gololi, kikombe, doa, cheche. Nilisema si kuni. Walinisikiliza kwa heshima, kwa kuwa nilikuwa mwana wa marehemu na ng'ombe waliokuwa kwenye sufuria ni wangu. Nilipoketi walipiga makofi yaleyale wanayonipigia nikitoa mchango wa paa la kanisa.

Kabla jeneza halijafungwa dada alichukua mkebe, akaufungua, akakitoa kile chuma kwa mkono mtupu. Akanipa nikitazame. Hakikuwa na kutu hata chembe, na hakitakuwa nayo. Chuma cha aina ile ardhi haikiwezi. Kwenye shina palikuwa na namba za kampuni, ndogo, bado zinasomeka. Kwenye gololi palikuwa na lile doa, na kando yake mkwaruzo wa grainda, uking'aa kama nimeupiga asubuhi hiyo. Nikamrudishia. Akakilaza upande wa kulia, mahali pake, akavuta shuka akafunika.